Kuizoeza Miche Nje Katika Nchi za Baridi

  Ninyi mnaolisoma somo hili katika karatasi, wekeni kalamu karibu, maana mwishoni yako maswali ya kujibu.

Leo tutasema habari za miche iliyooteshwa ndani ya nyumba, na namna ya kuitoa nje wakati baridi ya mwaka inapokwisha. Somo hili ni la wenzetu wanaokaa katika nchi zenye theluji. Siku hizi ni wengi. Wako Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaokaa katika jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani. Wako wengine Kanada, na wengine Ujerumani. Mtu aliyekulia shambani haachi jembe kwa sababu amehamia mjini. Akipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, au katika bustani ya mtaa, atataka nyanya zake, pilipili zake na sukuma wiki yake. Basi tutaichukua Minnesota kuwa mfano wetu. Anayekaa penginepo atabadilisha tarehe tu. Kanuni ni zile zile.

KWA NINI MICHE HUANZWA NDANI

Huko Minnesota ardhi huganda kwa baridi miezi mingi. Kalenda husema kwamba majira ya kuchipua huanza karibu na tarehe 20 Machi, lakini kalenda haiyeyushi theluji. Kati ya tarehe 13 na 16 Aprili, 2018, mji wa Minneapolis ulipata theluji ya sentimita 40 hivi, yaani zaidi ya futi moja. Nayo ilikuwa Aprili, si Januari!

Sasa tufanye hesabu. Mche wa nyanya huhitaji majuma sita mpaka manane tangu mbegu kupandwa hata uwe tayari kuhamishwa. Baada ya kuhamishwa, huhitaji siku 60 mpaka 80 hivi, kwa kadiri ya aina yake, kabla ya kutoa nyanya iliyoiva. Jumla yake ni karibu miezi minne. Lakini katika sehemu za Minneapolis na Saint Paul wakulima wengi wa bustani hawathubutu kuweka nyanya nje kabla ya katikati ya Mei, na mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba baridi ya kuua mimea yaweza kurudi. Mtu akingoja kupanda mbegu nje, mwaka utamwishia mkononi. Kwa hiyo huanza mwanzo wa Aprili, ndani ya nyumba, katika vikopo vilivyowekwa dirishani au chini ya taa.

Tazama tena hesabu hiyo, nawe utaona hatari iliyomo. Kama miche yako ikifa mwisho wa Mei na ukapanda mbegu upya, miche mipya itakuwa tayari katikati ya Julai, na matunda yataanza kuiva katikati ya Septemba au Oktoba, wakati baridi inapobisha hodi. Kununua miche dukani kwawezekana, lakini ni gharama, tena huenda aina uliyoitaka haipo. Kwa hiyo siku chache za kuitoa miche nje zaweza kuokoa au kupoteza kazi ya mwaka mzima.

MAMBO MATATU YANAYOUA

Watu wengi hudhani kwamba adui wa mche ni baridi peke yake. Siku yenye joto la kupendeza mwezi wa Mei hutoa miche yote asubuhi, huiweka juani, huenda kazini. Jioni hurudi na kukuta majani yamelala, mengine yana mabaka meupe kama karatasi. Hapakuwa na baridi hata kidogo. Basi nini kilichoiua? Maadui ni watatu: jua, upepo na baridi. Tuyatazame moja moja.

Kwanza, jua. Macho yetu hutudanganya, maana hujirekebisha upesi tutokapo chumbani kwenda nje. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Taa za kawaida za nyumbani hutoa luksi mia chache tu. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hufika luksi 100,000 hivi. Tena kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale ile mikali inayounguza hata ngozi ya mtu. Jani lililokulia ndani ni jembamba, na utando wake wa nta ni hafifu. Likipigwa ghafula na jua kali, hupata mwanga mwingi kuliko liwezavyo kutumia, na klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayolitengenezea chakula, huharibika. Ndiyo maana jani hugeuka jeupe. Baka hilo haliponi. Mche ukiwa na nguvu utatoa majani mapya, lakini umepoteza majuma.

Jambo hili si geni kwetu. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hujenga kichanja cha majani juu ya kitalu chake ili miche ipate kivuli. Naye hakiondoi kichanja chote siku ile ile ya kuhamisha miche. Huondoa majani kidogo kidogo, mpaka miche imezoea jua. Kazi tunayoisema leo ni ndugu ya kazi hiyo.

Pili, upepo. Mche wa chumbani haujapata kutikiswa. Shina lake ni refu, jembamba, laini. Tena katika majani yake mna vitundu vidogo sana vya kupitisha hewa na mvuke wa maji. Chumbani hewa ni tulivu. Nje upepo hunyonya maji katika majani upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta, hata kama udongo umelowa. Mche hunyauka, au shina huvunjika.

Lakini upepo ukija kwa kiasi, ni mwalimu mzuri. Mwaka 1973 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Mordecai Jaffe, aliandika habari za mimea iliyosuguliwa mara kwa mara: ilikuwa mifupi na minene kuliko isiyoguswa. Kwa hiyo tangu miche ingali ndani, yafaa kuipitishia kiganja cha mkono polepole juu ya majani, mara chache kila siku, au kuiwekea feni ndogo kwa mbali. Ni kazi ya dakika moja, nayo haina gharama.

Tatu, baridi. Hapa lazima tutenganishe baridi na jalidi. Nyanya, pilipili na bilinganya ni mimea yenye asili ya nchi za joto. Usiku ukishuka chini ya digrii 10 za Sentigredi, yaani 50 za Farenhaiti, mimea hiyo haifi mara moja, lakini huumia: hukaa bila kukua, na majani huweza kugeuka rangi ya zambarau au manjano. Jalidi ni jambo jingine. Hutokea pale majani yapoapo mpaka digrii sifuri au chini yake. Maji yaliyo katikati ya chembe za jani huganda, barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya chembe, na ngozi za chembe hupasuka. Asubuhi jani huonekana jeusi, limelowa kama lililochemshwa. Mkulima wa viazi wa Kinangop katika Kenya, au wa Makete katika Tanzania, anaijua sura hiyo, maana hata milima yetu hupata jalidi.

KAZI YA SIKU KUMI NA NNE

Dawa ya mambo haya yote ni moja, nayo ni kuizoeza miche kidogo kidogo. Kazi huchukua siku 7 kwa uchache. Siku 10 mpaka 14 ni bora zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Fuata utaratibu huu.

Siku ya kwanza na ya pili: chagua siku isiyo na upepo mkali, na joto la mchana lisipungue digrii 10. Mwagilia miche asubuhi. Itoe nje kwa saa moja au mbili tu, uiweke kivulini kabisa, upande wa nyumba usiopigwa na upepo. Kisha irudishe ndani.

Siku ya tatu na ya nne: iache kivulini saa tatu au nne. Upepo mdogo uifikie.

Siku ya tano mpaka ya saba: iache nje nusu ya siku, na sasa ipate jua la asubuhi kwa saa moja, kesho yake mbili, halafu tatu. Jua la asubuhi ni laini. Jua la adhuhuri bado ni adui.

Siku ya nane mpaka ya kumi: iache nje mchana kutwa, na kila siku uongeze muda wa jua.

Siku ya kumi na moja mpaka ya kumi na nne: iache juani siku nzima. Kama usiku haushuki chini ya digrii 10, iache ilale nje. Ukishuka, irudishe ndani bila kuona haya.

Katika siku hizo zote angalia mambo mawili. Jambo la kwanza ni maji. Punguza maji kidogo, udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, lakini usiache miche inyauke. Vikopo vidogo hukauka upesi mno katika upepo, hasa vile vyeusi. Vichungulie mchana na jioni. Jambo la pili ni mbolea. Usitie mbolea nyingi ya naitrojeni siku hizi, maana hiyo huleta majani laini na mengi, nasi twataka majani magumu.

Je, mtu anayekwenda kazini alfajiri na kurudi jioni afanye nini? Swali hili ni la haki, maana wengi wenu mna kazi za zamu. Aanze siku zake mbili za mapumziko, awepo nyumbani. Siku za kazi aiweke miche mahali penye kivuli kutwa, kama vile upande wa kaskazini wa nyumba au chini ya meza ya bustani, mbali na upepo. Siku zenye mawingu ni zawadi kwake. Atatumia muda mrefu zaidi, lakini miche itafika salama.

Wengine hutengeneza sanduku la mbao lisilo na chini, na kulifunika kwa dirisha kuukuu. Miche hukaa humo, na kila siku mtu hufungua kifuniko zaidi. Chombo hiki ni kizuri sana, ila kina hatari moja: jua likiwaka na kifuniko kimefungwa, joto la ndani hupanda upesi hata kuiunguza miche, ingawa nje ni baridi. Asubuhi inua kifuniko kwa kipande cha mti, jioni ukishushe.

MIMEA HAIFANANI

Usiitoe mimea yote siku moja. Sukuma wiki, kabichi na vitunguu ni watoto wa baridi. Vikizoezwa vizuri, vyaweza kukaa nje majuma kadhaa kabla ya nyanya, na sukuma wiki iliyokomaa yavumilia digrii kadhaa chini ya sifuri. Tena utamu wake huzidi baada ya jalidi, kwa sababu mmea huweka sukari ndani ya majani yake. Nyanya huja baadaye. Pilipili, bilinganya na mrehani huja mwisho kabisa, yapata juma moja au mawili baada ya nyanya, maana hivyo havipendi ubaridi hata usio na jalidi. Mchicha nao hutaka udongo wa joto, na mbegu zake zaweza kupandwa moja kwa moja bustanini ardhi ikisha pata joto.

Pima udongo pia, si hewa peke yake. Choma kipimajoto katika udongo asubuhi, inchi 4 kwenda chini. Kwa nyanya yafaa kiwe digrii 15 za Sentigredi, yaani 60 za Farenhaiti. Mizizi katika udongo wa baridi hainywi maji vizuri, na mche husimama tu bila kuendelea. Nyanya iliyopandwa mapema katika udongo wa baridi mara nyingi hupitwa na ile iliyopandwa majuma mawili baadaye.

USIKU WA HATARI

Watu wa nchi za baridi wana desturi zao za kujikinga. Ujerumani huhesabu siku za Watakatifu wa Barafu, tangu tarehe 11 mpaka 15 Mei, ya mwisho ikiwa siku ya Sophie. Mpaka siku hizo zipite, mtu mwangalifu haweki nyanya nje. Katika sehemu nyingi za Kanada hungoja sikukuu ya Victoria Day, nayo ni Jumatatu iliyo kabla ya tarehe 25 Mei. Kaskazini ya Minnesota, kando ya ziwa kubwa huko Duluth, wengi hungoja mpaka mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Desturi hizi zimetokana na hasara za watu wengi, basi tusizidharau.

Hata hivyo desturi si ahadi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei, 2023, jalidi kali ilishuka katika majimbo ya New York na Vermont, ikaharibu maua na matunda machanga katika mashamba ya matufaha na zabibu. Wenye mashamba hao walikuwa wazoefu. Mti wa tufaha hauwezi kuingizwa ndani ya nyumba; lakini kikopo chako kinaweza. Hilo ndilo jambo linalokupa wewe nafasi.

Basi jifunze kuutambua usiku wa hatari. Ni usiku usio na mawingu wala upepo. Mawingu ni kama blanketi juu ya ardhi; yasipokuwapo, joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Nao upepo ukitulia, hewa ya baridi, ambayo ni nzito, hukaa chini na kutelemkia mabondeni. Kumbuka tena kwamba wapimaji wa hali ya hewa huweka kipimajoto chao kiasi cha futi 5 kutoka ardhini. Wakitangaza digrii 2 au 3 juu ya sifuri katika usiku wa namna hiyo, majani yaliyo karibu na udongo yaweza kuwa na jalidi.

Ukisikia tangazo kama hilo, rudisha vikopo ndani. Kama miche imekwisha pandwa ardhini, ifunike kabla jua halijatua, ili joto la udongo lisipotee. Tumia shuka kuukuu au ndoo, na pembe za shuka zifike ardhini, zikandamizwe kwa mawe. Ukitumia nailoni, isimamishe juu ya vijiti isiguse majani, maana jani linaloguswa na nailoni huganda. Udongo uliolowa hutunza joto kuliko udongo mkavu, kwa hiyo mwagilia mchana. Asubuhi, jua likianza kupasha moto, ondoa kifuniko.

SIKU YA KUPANDA

Baada ya siku hizo kumi na nne, utauona mche umebadilika. Shina limekuwa gumu, majani yamekuwa mazito na rangi yake imekolea. Pengine haukurefuka hata kidogo, nawe usihuzunike; nguvu zake zilikuwa zikifanya kazi nyingine. Sasa chagua siku ya mawingu, au saa za jioni. Mwagilia kikopo kwanza. Mche wa nyanya uzike mpaka karibu na majani ya chini, maana shina lake likiguswa na udongo hutoa mizizi. Hivyo hata mche uliorefuka kupita kiasi hurekebishika. Pilipili usiizike hivyo. Ipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho katika kikopo. Mwagilia tena, na siku mbili tatu za kwanza uitazame asubuhi na jioni.

Wasikilizaji, neno la kushika katika somo la leo ni hili: mche wa ndani si mche dhaifu, ila haujafundishwa. Jua, upepo na ubaridi, ambavyo vingeuua kwa siku moja, ndivyo vinavyouimarisha vikija kwa siku kumi na nne. Usishindane na jirani aliyepanda mapema. Nyanya hazihesabiwi Mei, huhesabiwa Agosti.

MASWALI YA KUJIBU

1. Miche iliwekwa juani siku nzima, joto likiwa digrii 20, ikapata mabaka meupe. Sababu ni nini, na mwenyewe angefanyaje?

2. Taja mimea miwili iwezayo kutolewa mapema, na miwili inayopaswa kungoja mpaka mwisho.

3. Tangazo la jioni lasema digrii 3, mbingu nyeupe, hakuna upepo. Utafanya nini kabla ya jua kutua? Eleza sababu.

4. Tafuta kwa jirani au kwa bwana shamba wa mahali unapokaa tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho. Kisha hesabu kurudi nyuma: lini utaanza kuizoeza miche, na lini utapanda mbegu zako ndani?

Andikeni majibu katika daftari, mkayajadili nyumbani au katika kikundi chenu. Kwaherini.